Mshauri wa Karakana: Mota ya skuta yaweza kugeuzwa sevo?

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zimetoka kwa mafundi wanaojiundia mashine za kuchonga na kukereza, na karibu zote zinauliza kuhusu mota za kawaida za DC, zile zenye kaboni na sumaku ambazo hupatikana kwenye skuta, magari na vifaa vya mazoezi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

SWALI: Mshauri, salaam. Mimi ni fundi seremala wa Morogoro. Nimejiundia mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, yenye meza ya sentimita 60 kwa 90, skrubu za gololi ambazo husogeza milimita 5 kwa kila mzunguko, na mota tatu za stepa, zile zinazozunguka kwa hatua. Kisu kikikutana na fundo la mninga, mota hukwama kidogo, huruka hatua kadhaa, kisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nakuja kugundua baadaye kuwa ua lote ninalochonga limehama milimita mbili na ubao wa mlango umeharibika. Ninazo mota tatu za DC nilizozikusanya: moja ya waipa ya gari, moja ya mashine ya mazoezi ya kukimbilia, na moja ya skuta ya umeme ya volti 24. Nimesikia kuwa zaweza kugeuzwa sevo. Ipi inafaa, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu fundi, nianze na neno lenyewe, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi wakifika madukani. Sevo si aina ya mota. Ni mpangilio wa vitu vitatu: mota inayosukuma, jicho linaloangalia imefika wapi, na kidhibiti kinacholinganisha mahali ilipo na mahali ilipotakiwa kuwa, kisha kuongeza au kupunguza umeme mpaka tofauti iishe. Jina limetokana na neno la Kilatini servus, yaani mtumwa, na mhandisi Mfaransa Joseph Farcot alilitumia mwaka 1873 alipoeleza mashine yake ya mvuke iliyogeuza usukani wa meli kwa kuufuata mkono wa mshika usukani. Humo hamkuwa na mota ya umeme hata moja, lakini sevo ilikuwamo.

Ukitaka kuona mota ya kawaida ikitumika hivyo, fungua printa ya wino iliyokwisha kufa. Katika nyingi utakuta mota ndogo ya DC isiyo na la ajabu, ikivuta kwa mkanda kile kibebeo cha katriji, na sambamba na njia yake umetandazwa utepe mwembamba wa plastiki ambao kwa mbali unaonekana kama umechafuka kwa moshi. Uinue kwenye mwanga, utaona ni mistari myembamba iliyochapwa kwa maelfu. Kibebeo kina kijicho kinachoihesabu mistari hiyo kinapopita, na ndivyo printa inavyojua mahali pa kudondosha wino. Upake utepe huo grisi kwa kidole, nawe utaona kibebeo kikienda kujigonga ukutani, kwa sababu mota imebaki na nguvu zake zote lakini imepofuka.

Stepa zako hazina jicho. Kompyuta huziamuru zipige hatua 200 kwa kila mzunguko na kuamini kuwa zimetii. Zikikwama kwenye fundo hakuna anayeiarifu, na hatua iliyopotea inabaki imepotea hadi mwisho wa kazi. Sevo ikikutana na fundo hilohilo hubaki nyuma kidogo, kidhibiti kikaona, kikaongeza ampea, na mota ikasukuma zaidi mpaka ifikie mahali pake. Ikishindwa kabisa, husimama na kutangaza kosa badala ya kuendelea kuharibu mbao, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa zaidi kwa mtu ambaye mtaji wake ni ubao wa mninga.

Hata hivyo, kabla hujazing'oa stepa, angalia unazilisha volti ngapi. Stepa za ukubwa wa NEMA 23 zikipewa volti 12 hupoteza nguvu mapema mno kasi inapopanda, kwa kuwa mkondo hauwahi kujaa kwenye koili kabla ya hatua inayofuata. Mota ileile ikipewa volti 36 au 48 kupitia draiva (sakiti inayoilisha mota umeme) inayodhibiti mkondo huwa kama si yenyewe. Nimeona mashine iliyokuwa imeshatafutiwa mnunuzi ikapona kwa kubadilishiwa pawa saplai tu na kupunguziwa ghafla ya kuanza na kusimama. Ukishajaribu hayo na fundo bado linakushinda, endelea na sevo.

Sasa mota zako. Ya waipa iache. Ina gia ya parafujo ambayo imeungana na mwili wake na ina plei, yaani ulegevu, unayoweza kuisikia kwa vidole. Ina kaboni tatu badala ya mbili, moja ikiwa imewekwa pembeni ili kutoa kasi ya pili. Na katika magari mengi mwili wake wenyewe ndio waya wa hasi, jambo linaloleta taabu unapotaka kuigeuza mwelekeo mara mamia kwa dakika. Ya mashine ya kukimbilia ni mota nzuri iliyoombwa kazi isiyo yake. Kibandiko chake kwa kawaida husoma kati ya volti 90 na 180, na umeme wa kiasi hicho hausamehi mkono uliokosea. Isitoshe, imefungwa flaiwili nzito, yaani gurudumu la kutunza mwendo, ambayo ni baraka kwa mtu anayekimbia lakini ni mzigo kwa sevo, inayotakiwa kuanza na kusimama papo hapo. Itunze kwa ajili ya kuzungushia kazi kwenye lezi. Ukitaka kuifungua flaiwili hiyo, kumbuka kuwa mara nyingi nyuzi zake ni za mkono wa kushoto, na wengi wameshavunja shafti kwa kuikaza wakidhani wanaifungua.

Inabaki ya skuta, nayo ndiyo ningeichukua, lakini ipime kwanza. Nyaya zake zikiwa hazigusani, izungushe shafti polepole kwa vidole. Ikienda kwa kurukaruka, kana kwamba inaingia kwenye mashimo, itakuwa vigumu kuifanya itulie kwenye mwendo mdogo. Ikienda laini, ni ya kufaa. Kisha ziunganishe nyaya mbili zenyewe kwa zenyewe na uizungushe tena: mota isiyo na hitilafu inapaswa kuwa nzito mkononi, kama kijiko kwenye asali, na uzito huo uwe sawa mzunguko mzima. Ikilegea mahali fulani, komyuteta, ile pete ya shaba inayoguswa na kaboni, imechakaa au kaboni haigusi sawasawa. Mwisho, iendeshe kwa betri pande zote mbili bila mzigo. Ikiwa upande mmoja ina kasi kuliko mwingine, kaboni zimewekwa kwa kuegemea upande mmoja, na huenda ukalazimika kulegeza kifuniko chake cha nyuma na kukigeuza kidogokidogo mpaka kasi zilingane.

Kipimo kinachofuata ndicho kitakachokuambia mengi zaidi, nacho hakihitaji zaidi ya drili na mita. Ifunge shafti kwenye drili, uizungushe kwa kasi unayoijua, na usome volti ambazo mota inazitoa yenyewe, kwa maana mota ya DC ikizungushwa huwa jenereta. Tuseme kwa mizunguko 1,000 kwa dakika umepata volti 7.5. Gawanya namba hiyo kwa 105, nayo ni 0.071: hizo ndizo nyutoni-mita ambazo mota itakupa kwa kila ampea. Kwa ampea 10 una nyutoni-mita 0.7 hivi. Ukiweka puli za mkanda wenye meno, ndogo kwenye mota na yenye meno mara mbili kwenye skrubu, utapata nyutoni-mita 1.4, na skrubu yako ya milimita 5, hata ukiitoza asilimia 10 kwa msuguano, itasukuma meza kwa nguvu ya nyutoni 1,600, sawa na uzito wa kilo 160. Fundo la mninga halitakuwa na la kusema.

Hesabu hiyohiyo inakupa volti unazohitaji. Mota ikienda mizunguko 3,000, skrubu itakwenda 1,500 na meza itatembea mita 7.5 kwa dakika, kasi ambayo seremala hahitaji kuizidi. Kwa mwendo huo mota yenyewe inarudisha volti 22.5, na ukipima ukinzani wake ukaukuta ni omu 0.4, ampea 10 zitakula volti 4 nyingine. Jumla ni kama 27. Ukiilisha 36 una akiba ya kutosha. Kuandikwa 24 kwenye kibandiko kusikutishe, kwa kuwa kinachoiua mota si volti bali joto, na joto hukua kwa mraba wa mkondo: ampea 10 kwenye omu 0.4 ni wati 40, ambazo mwili wa mota unaweza kuzimudu, lakini ampea 20 ni wati 160, na mota iliyosimama ikishikilia mzigo haina upepo wa kuipoza. Ikikwama kabisa bila kizuizi, volti 36 kwa omu 0.4 ni ampea 90, ambazo zinaweza kuzidhoofisha sumaku zake moja kwa moja kabla hata harufu haijakufikia. Kwa hiyo draiva usiyoweza kuiwekea kikomo cha ampea usiinunue.

Tahadhari moja kuhusu draiva zilizojaa madukani. Ile ndogo ya L298N ni ya ampea 2 kwa kila upande, tosha kwa gari la kuchezea. Ile ya BTS7960, ambayo huuzwa ikiwa imeandikwa ampea 43, haistahimili zaidi ya volti 27 hivi, na utaona kwenye barua ya mwisho kwa nini hata kwa mota ya volti 24 ninaiogopa. Tafuta iliyoundwa kwa ajili ya sevo na kuvumilia volti 80, kama G320 ya Geckodrive, ambayo hupokea amri zilezile za hatua na mwelekeo ambazo kompyuta yako ilikuwa ikizipeleka kwa stepa.

Mota nyingi za skuta hazina mkia, yaani shafti haitokezi nyuma ambako jicho lingefungwa. Mpelekee fundi wa lezi amecha (sehemu inayozunguka ndani ya mota) na kifuniko cha nyuma: kifuniko atoboe katikati, na ncha ya shafti aitoboe na kuitia nyuzi za milimita 4 ili upate mahali pa kuunganisha kipande cha kuendeleza. Kazi hiyo ifanywe mbali na mwili wenye sumaku, kwa sababu chembe za chuma zikishaingia humo hazitoki kwa kupulizwa, na kaboni zako zitasagwa ndani ya wiki.

Na jambo ambalo sevo haitalitibu: plei. Jicho likiwa kwenye mota, linaiona mota. Nati ya skrubu ikiwa imelegea kwa sehemu mbili za kumi za milimita, mota itasimama mahali pake kamili na kisu kitakuwa popote ndani ya sehemu hizo mbili. Wapo wanaolihamishia jicho kwenye meza wakidhani wamelikomesha tatizo, kumbe wamelifanya baya zaidi, kwa sababu sasa kidhibiti kinaisukuma mota, meza haijibu mpaka plei iishe, kisha inaruka na kupitiliza, kinairudisha, inapitiliza tena, na mashine nzima inabaki ikitetemeka. Kaza nati kwanza.

SWALI: Nimesoma toleo lililopita na nikanunua vipande vitatu vya kupima mzunguko vya AS5600 pamoja na bodi ya Arduino Uno, nikiwa na mota tatu za DC kwa ajili ya mashine ndogo ya kukata alumini. Kimoja kikiwa peke yake na mota ikienda polepole, kazi ni nzuri. Nikiongeza kasi, mota inapoteza mahali pake. Nikiunganisha vyote vitatu, hakuna kinachosomeka. Kosa liko kwenye programu yangu? Msomaji, Tanga.

JIBU: Programu yako haina hatia kubwa. AS5600 ni kifaa kizuri cha kupima pembe ya kitu kinachogeuka taratibu, kama kitasa au usukani, na bei yake ndogo ndiyo inayowavuta mafundi. Kwa kazi yako kina kasoro mbili. Kwanza, husubiri kuulizwa ndipo kijibu kupitia waya za mawasiliano ziitwazo I2C, na anwani yake ni moja isiyobadilika, 0x36, kwa hiyo vitatu kwenye waya zilezile vyote huitika kwa jina moja. Pili, huchuja usomaji wake kabla ya kuutoa, na kuchuja ni kuchelewa. Mota inayokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika husogea nyuzi 18 katika elfu moja ya sekunde. Jibu la wakati huo ni habari ya jana.

Unachohitaji ni enkoda, yaani lile jicho la mota, yenye njia mbili za ishara, A na B. Ndani yake kuna macho mawili yanayoangalia mistari ileile, moja likiwa limetangulizwa kwa robo ya nafasi kati ya mstari na mstari, na ni nani anayebadilika kwanza kati ya A na B ndiko kunakoonyesha mota inazunguka upande gani. Kwa kuwa kila mstari una mabadiliko manne ya kuhesabiwa, enkoda ya mistari 500 hutoa hesabu 2,000 kwa mzunguko. Kwa skrubu ya milimita 5 na mkanda wa mbili kwa moja, kama nilivyompigia hesabu ndugu yetu wa Morogoro, kila hesabu ni milimita 0.00125. Kwa mashine ya karakana hiyo inatosha na kubaki. Anayetafuta enkoda ya mistari 2,500 ili awe na usahihi zaidi anajiongezea tu kazi ya kuhesabu.

Kuhesabu nako kuna gharama. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, mara 2,000 ni hesabu 100,000 kila sekunde. Arduino Uno hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo ina mapigo 160 ya kuishughulikia kila hesabu, na kwa mota tatu ni 53, bila kubaki na nafasi ya kufikiri. Bodi za jamii ya STM32 zina saa za ndani ambazo huhesabu ishara za A na B zenyewe bila kuisumbua programu, na bei yake haijaachana sana na ya Uno. Anayetumia kompyuta yenye LinuxCNC, programu ambayo chimbuko lake ni kidhibiti kilichoandikwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990, anaweza kuiachia kadi ya Mesa ihesabu na kompyuta ikafanya uamuzi.

Ukipenda kubaki na sumaku badala ya mwanga, na kwa karakana yenye vumbi ninakushauri ubaki nayo, ndugu yake AS5047P hutoa A na B moja kwa moja, hadi mistari 1,024. Zile za mwanga zina diski ambayo unga wa kaboni wa mota yenyewe huitia ukungu polepole. Ya sumaku haijali vumbi, ila inataka ile sumaku ndogo ikae katikati kabisa ya shafti. Ikikaa upande, utapata kosa linalojirudia kila mzunguko, nawe utahangaika ukidhani skrubu imepinda.

SWALI: Mshauri, hujambo? Nilifunga mota, enkoda na draiva ya sevo kwenye lezi yangu ndogo. Nilipowasha stima mara ya kwanza, mota ilifyatuka kwa kasi yake yote hadi mwisho wa reli na kuvunja kapulingi. Nimebadilisha waya, sasa haikimbii tena, lakini ikisimama inanguruma na kutetemeka bila kukoma. Shida ni nini? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. La kwanza ni la mwelekeo: mota iliposogea mbele, enkoda iliripoti kuwa imerudi nyuma, kidhibiti kikaongeza nguvu ya kwenda mbele, enkoda ikaripoti nyuma zaidi, na hapo hakuna wa kusimamisha. Tiba ni kubadilishana waya mbili za mota au kubadilishana A na B, moja kati ya hayo. Ukifanya yote mawili umerudi ulipoanzia. Siku nyingine jaribio la kwanza lifanye mkanda ukiwa umetolewa, na taa ya mbele ya gari ikiwa imeunganishwa kwenye njia ya umeme wa mota. Mota ikifyatuka na kukwama, taa itawaka na kuumeza mkondo badala ya chuma chako.

Lakini waya zilizo sahihi leo zinaweza kukatika kesho, na enkoda isiyosema kitu, kwa kidhibiti, ni sawa na mota isiyosogea. Mimi mwenyewe niliwahi kuubana waya wa enkoda chini ya bamba la meza, nikapoteza kisu na ukucha mmoja kwa dakika hiyohiyo. Tangu hapo nina mambo matatu nisiyoyaruka. Natumia enkoda ambayo kila njia ya ishara ina waya mbili zinazopingana, ili waya mmoja ukikatika draiva ijue. Naweka kikomo cha kubaki nyuma: G320 kwa mfano hujizima mota ikiachwa kwa hesabu 128, ambazo kwa enkoda ya mistari 500 ni nyuzi 23 za shafti ya mota. Na swichi za mwisho wa reli nazifunga zikate umeme wa draiva zenyewe, bila kupitia kwa kompyuta. Waya wa enkoda upite mbali na wa mota, na ile kinga yake ya nje ifungwe ethi upande mmoja tu.

Tatizo la pili, la kunguruma, ni la marekebisho. Kidhibiti kina vipimo vitatu, P, I na D. P husukuma kulingana na umbali uliobaki. I hukusanya kosa dogo lililodumu na kuliongezea nguvu kadiri muda unavyopita. D huhisi kasi ya kukaribia na kufunga breki. Fikiria dereva wa matatu anayeingia kituoni: mwenye P peke yake hukanyaga mafuta mpaka mlangoni, akapitiliza, akarudi nyuma, akapitiliza tena. Weka I na D kwenye sifuri, mkanda ukiwa umerudishwa kwa sababu mzigo hubadilisha kila kitu. Panda na P taratibu mpaka mota ianze kutetemeka ukiigusa. Ongeza D mpaka itulie. Rudia mara mbili tatu, na utafika mahali ambapo D yenyewe inaleta mlio mkali kama wa mbu. Rudi nyuma kidogo kutoka hapo. I iwe ya mwisho na iwe ndogo. Nashuku yako ni kubwa mno, kwa sababu mashine yenye reli kavu ikipewa I nyingi hufanya hivyo hasa: inakwama kwa msuguano, I inajikusanya, mota inaruka na kupitiliza, I inaanza kujikusanya upande wa pili. Tia reli mafuta kabla hujagusa namba yoyote. Ikibaki ikiyumba kwa hesabu moja tu huku na huku, iache, ni hali yake.

SWALI: Mashine yangu ina mota tatu za skuta na pawa saplai ya kisasa ya volti 36. Kila mara meza inaposimama kwa haraka kutoka kasi kubwa, pawa saplai inazima na taa yake inapepesa. Muuzaji amenibadilishia mara mbili. Msomaji, Unguja.

JIBU: Hata akikubadilishia ya tatu itafanya hivyo, na muuzaji wako amekuwa muungwana kuliko alivyopaswa. Mota inapopunguzwa kasi hugeuka jenereta, na draiva huurudisha umeme huo kwenye pawa saplai, ambayo imeumbwa kutoa tu. Watu hudhani nguvu hiyo inatoka kwenye uzito wa meza, kumbe ipo kwenye amecha. Meza ya kilo 20 ikitembea mita 7.5 kwa dakika ina nishati isiyofika hata robo ya jouli. Amecha ya gramu 800 yenye kipenyo cha sentimita 5.4, ikizunguka 3,000 kwa dakika, inabeba jouli 14. Ndiyo maana nilimwonya fundi wa Morogoro kuhusu flaiwili.

Jouli 14 zikimiminwa kwenye kapasita ya mikrofaradi 2,000, kama iliyomo kwenye saplai ya aina yako, zingetaka kuipandisha volti kutoka 36 hadi zaidi ya 120. Saplai huona hatari na kujizima, na kama haingejizima, draiva ingekufa. Kwa mashine za namna hii saplai ya kizamani ni bora: transfoma ya volti 28 yenye uwezo wa VA 500 hivi, daraja la diodi la ampea 35, na kapasita kubwa. Volti 28 za transfoma zikishanyooshwa na diodi hutoa kama 38. Ukiweka mikrofaradi 22,000 za kuvumilia volti 63, jouli zilezile 14 zitaipandisha hadi 52 tu kwa hesabu kali, na kwa kweli chini ya hapo, kwa kuwa sehemu yake huishia kuwa joto ndani ya koili. Mota tatu zikisimama kwa pamoja kutoka kasi kamili ni jambo la nadra, lakini ukilitarajia, ongeza sakiti ndogo ya kuingiza rezista ya breki volti zikipita 50.

Usijaribu kuitibu saplai uliyonayo kwa kuweka diodi moja ya kuzuia umeme usirudi. Saplai itanusurika, na umeme uliokosa pa kwenda utaishia kwenye mosfeti, yaani swichi za ndani, za draiva.

Kapasita ya ukubwa huo hubaki imejaa hata ukishazima, nayo ikiguswa na bisibisi hutoa cheche ya kuyeyusha ncha yake. Ifunge rezista ya kilo-omu 1 ya wati 5 ya kudumu kati ya ncha zake, ambayo itaikausha kwa takriban dakika mbili, na kabla ya kutia mkono ndani pima kwa mita, maana rezista nazo hukatika.